Nashville Ilirudi, Mama Akaenda Kulala

Nianze kwa kukiri. Mwezi wa Mei 2016, kituo cha ABC cha Marekani kilipotangaza kwamba kimeifuta tamthilia ya Nashville baada ya misimu minne, mimi nilikuwa mmoja wa wale waliopiga kelele mtandaoni irudishwe. Nilikuwa Umoja, Nairobi, kwenye nyumba ya chumba kimoja na sebule, na simu yenye kioo kilichopasuka, nabandika alama ya reli pamoja na Wamarekani wasionijua, kana kwamba kuna bosi wa televisheni atakayesoma na kusema, "Jamani, hata huyu wa Umoja analia, hebu turudishe."

Mwezi wa Juni kituo kingine, CMT, ambacho kazi yake ni muziki wa kantri, kikaichukua. Januari 2017 ikarudi hewani. Februari ikamuua Rayna Jaymes, na mama yangu akainuka kwenye kochi, akaenda kulala, na hajaitazama tena mpaka leo.

Makala haya ni jaribio la kueleza kwa nini nadhani Mama alikuwa na haki ya kuondoka, na kwa nini mimi nilibaki pale kwenye kochi mpaka sehemu ya 124, ambayo ndiyo ya mwisho. Nitafichua kila kitu. Tamthilia iliisha 2018, kwa hivyo sioni kama kuna siri ya kulinda, lakini kama unapanga kuitazama, weka makala haya kando kwanza.

Kwa wasioijua: Nashville ilianza Oktoba 2012. Mtunzi wake ni Callie Khouri, yule aliyeandika filamu ya Thelma & Louise na kupata Oscar kwayo. Rayna Jaymes (Connie Britton) ni malkia wa kantri aliyeingia miaka ya arobaini. Kumbi zake hazijai kama zamani, na kampuni yake ya kurekodi inamwambia akubali kuzunguka nchi na Juliette Barnes (Hayden Panettiere), binti mdogo ambaye nyimbo zake ziko kila redio. Tena Rayna ndiye atangulie jukwaani, halafu ampishe mtoto. Rayna anakataa, na hapo ndipo ngoma inapoanza. Kando yao yuko Deacon Claybourne (Charles Esten), mpiga gitaa wa Rayna, mpenzi wake wa ujana, mlevi aliyeacha pombe, na baadaye tunajua ndiye baba halisi wa Maddie, binti mkubwa wa Rayna, ingawa Maddie amelelewa na Teddy, mume wa Rayna, kama mtoto wake. Binti mdogo, Daphne, ni wa Teddy kweli. Likumbuke hilo la Daphne, tutalirudia.

Kilichonishika mimi hakikuwa ugomvi wa malkia na binti. Ilikuwa ni mwisho wa sehemu ya kwanza kabisa. Vijana wawili wasiojulikana, Scarlett na Gunnar, wanaimba pamoja kwa mara ya kwanza pale Bluebird Cafe. Bluebird si jina la kubuni. Ni mkahawa uliofunguliwa Nashville mwaka wa 1982, katikati ya msururu wa maduka ya kawaida ambayo ungeyapita bila kugeuza shingo. Viti vyake ni kama 90 tu. Watunzi wa nyimbo hukaa duara na magitaa yao, wateja wakiwa karibu kiasi cha kuwagusa, na kanuni kuu ya mahali pale ni moja: nyamaza. Ukianza kupiga soga mtu akiimba, utaambiwa shhh, na hutaambiwa kwa upole. Waandaaji waliijenga Bluebird ya mfano studioni ili kamera zipate nafasi, na wakaujenga pamoja na ule ukimya wake. Televisheni ambayo kwa dakika tatu inamfanya mtazamaji wa Umoja azime feni ili asikie vizuri, hiyo inajua inachokifanya.

Sasa utauliza: mama wa Nyahururu na kantri, wapi na wapi? Ukiuliza hivyo, basi wewe si wa kwetu. Kwetu kantri si muziki wa kigeni. Mama alilelewa na redio, na redio ilikuwa Sauti ya Kenya, baadaye KBC, na ile saa ya jioni ya Sundowner ambapo watu wazima walinyamazishana. Jim Reeves, Skeeter Davis, Don Williams, Dolly Parton: hao kwake walikuwa kama majirani waliohama. Tuna hata wasanii wetu wanaouimba muziki huo, kama Sir Elvis. Na ukiingia baa ya mugithi Jumamosi usiku, mtu mmoja na gitaa lake, usishangae baada ya nyimbo tatu za Kikuyu akichomeka moja ya Kenny Rogers na ukumbi mzima ukaijibu, kila mtu na Kiingereza chake.

Mama ana kisa chake anachopenda kukirudia. Alimsikia Charley Pride redioni kwa miaka kadhaa akijua ni mzungu. Siku alipoona jalada la santuri yake dukani alidhani wameweka picha ya mtu mwingine. Nilipokua nikasoma kwamba hata huko kwao kampuni ilizituma santuri zake za kwanza kwenye vituo vya redio bila picha, mwaka wa 1966, ili watangazaji wasikatae kuzicheza kabla ya kuzisikia. Nilipomwambia Mama alicheka sana. "Kumbe walitudanganya wote pamoja."

Baba alifariki Novemba 2014. Mama akaja kukaa kwangu "kwa wiki mbili", akakaa miaka mitatu. Tulikuwa hatujui tuzungumze nini jioni. Kijana wa duka la muvi pale chini alinichomea msimu wa kwanza kwenye diski, shilingi 50, nikaiweka nikiwa sina matumaini. Mama alikuwa anachambua mchicha. Scarlett na Gunnar walipoanza kuimba, mikono ikasimama.

Nieleze namna Mama anavyotazama televisheni, kwa maana ndiyo ufunguo wa haya yote. Yeye hatazami, anashiriki. Sisi tuliosoma fasihi simulizi shuleni tulikaririshwa kwamba ngano ina fanani na hadhira, na kwamba nyimbo ndani ya ngano hazikuwekwa pale za mapambo: zinasukuma kisa, zinamrudisha msikilizaji aliyeanza kusinzia, na zinampa hadhira nafasi ya kuingia. Tulikariri, tukaandika kwenye mtihani, tukapata maksi zetu, tukasahau. Mama hakukariri, ila ndivyo anavyosikiliza. Rayna akiimba kumficha Deacon anachohisi, Mama anamwambia, "Unamdanganya nani?" Wimbo ukirudi mara ya pili katika sehemu nyingine, tayari anaujua kiitikio na anakiitikia, kwa maneno yake mwenyewe. Mhakiki gani wa Marekani aliandika kwamba Nashville ni ngano? Sijamsikia. Lakini nilikuwa naishi na hadhira yake halisi.

Kwa hivyo hasira yangu ya Mei 2016 haikuwa ya mpenzi wa televisheni tu. Walikuwa wamezima kitu ambacho mimi na Mama tulikitumia kuzungumza.

Ila lazima niwe mkweli: walichozima kilikuwa kimeshaharibika. Hebu tuhesabu. Deacon alipata saratani ya ini; dada yake Beverly akamtolea kipande cha ini lake, akafa yeye. Juliette akajifungua, akashikwa na ile huzuni nzito ya baada ya uzazi, akamwacha mtoto na mumewe Avery. Jeff Fordham, bosi wa kampuni, akaanguka kutoka juu ya jengo akijaribu kumwokoa Juliette. Maddie akaenda mahakamani kudai atenganishwe na wazazi wake kisheria. Na mwisho wa msimu wa nne, ndege ya Juliette ikapotea angani, basi, mwisho, na kituo kikiwa kimeshatangaza kwamba hakutakuwa na msimu mwingine. Mama alikuwa ameanza kusema, "Hii sasa imekuwa ya Kimeksiko," na kwa Mama hiyo si sifa. Nyimbo zilikuwa bado nzuri, lakini zilibanwa kati ya misiba miwili kama abiria wa matatu saa kumi na mbili jioni.

Kisha ikarudi, na fanani alikuwa amebadilika.

Khouri alibaki, lakini usukani ulishikwa na Marshall Herskovitz na Edward Zwick, wazee wawili waliojijengea jina tangu miaka ya 1980 na tamthilia ya thirtysomething, ile ya watu wanaozungumza jikoni mpaka chai inapoa. Na walikuja na jiko lao. Dakika kumi za kwanza za msimu wa tano zilinifanya nikae wima. Maonyesho yakawa marefu. Watu wakamaliza sentensi zao. Rayna, ambaye kwa misimu minne alikuwa akizima moto huku na kule, sasa amekaa na gitaa na hajui aimbe nini tena, na kamera inamsubiri asijue. Anaanza kufikiria yeye na Deacon watunge albamu nzima ya maisha yao, yaani walevi, wakosaji, wapenzi, watu wa umri wao. Kwa maneno mengine, ule ukimya wa Bluebird ulikuwa umetoka Bluebird ukaenea nyumba nzima. Niliposema hivyo Mama alijibu, "Sasa wanasikilizana." Hiyo ndiyo tathmini fupi kuliko zote nilizowahi kusoma juu ya msimu ule.

Kuna jambo jingine lililokuja na kurudi huko, ambalo lilinifurahisha na kuniudhi kwa pamoja. Juliette anapona ajali ya ndege lakini hawezi kutembea, na aliyemkuta kwenye mabaki na kukaa naye mpaka msaada ufike ni Hallie Jordan, mwimbaji wa kanisani, mwanamke mweusi. Anayemwigiza ni Rhiannon Giddens. Waliosoma juu ya muziki huu wanamjua Giddens kwa kazi kubwa zaidi ya uigizaji. Ni mpiga banjo na fidla aliyeanzisha kundi la Carolina Chocolate Drops, na miaka mingi amekuwa akiwakumbusha Wamarekani kwamba banjo, ile ala ambayo kwenye sinema hupakatwa na mzungu mwenye suruali ya mikanda akiwa amekaa barazani, ilitengenezwa na Waafrika waliofanywa watumwa, kwa kukumbuka ala za Afrika Magharibi kama akonting. Na kwamba mmoja wa nyota wa mwanzo wa Grand Ole Opry, miaka ya 1920, alikuwa DeFord Bailey, mtu mweusi aliyepuliza hamonika mpaka ukasikia garimoshi, kisha mwaka wa 1941 akaondolewa.

Tamthilia iliyojidai kuwa juu ya mji huo ilipita misimu minne bila mtu wa namna hiyo katikati ya kisa. Kwa hivyo Giddens alipofungua mdomo mle kanisani, nilihisi mlango umefunguliwa. Mama naye, aliyelelewa na Charley Pride asiye na picha, akasema tu, "Huyu je, alikuwa wapi siku zote?"

Lakini angalia wamempa kazi gani. Hallie yupo ili Juliette apone. Ana imani, ana subira, ana sauti, na vyote hivyo vinamwagwa kwenye kidonda cha mzungu tajiri anayetaka kuambiwa maisha yake yana maana. Baadaye wanampa nafasi ya kurekodi na kisa kidogo chake mwenyewe, kisha anafifia. Umemleta mtu anayejua historia nzima ya muziki unaousimulia, halafu unamwajiri kama muuguzi wa roho? Nilishukuru kwamba alikuja, na bado namdai fanani mpya deni hilo.

Sasa tufike pale ninapokwepa kufika.

Kuna mwanamume anayemwandama Rayna, barua, vitisho, na hatimaye anamvamia ofisini. Rayna anaongea naye kwa utulivu mpaka anaokoka. Tulikuwa tumeshika roho mkononi, tukaiachia. Halafu gari la polisi linalompeleka linagongwa. Hivyo tu. Anafikishwa hospitalini akiwa anazungumza, anaonekana atapona, sehemu inayofuata anazidiwa. Ni tarehe 23 Februari 2017 huko kwao. Sisi tuliipata siku chache baadaye. Familia imezunguka kitanda. Deacon yupo. Maddie na Daphne wanaanza kumwimbia mama yao ule wimbo wa familia ambao tumeusikia tangu misimu ya mwanzo, wimbo ambao Mama yangu alikuwa na kiitikio chake. Rayna anafuata kidogo. Kisha hafuati tena.

Kama mhakiki nitasema hivi: ni onyesho bora kabisa katika tamthilia nzima. Hakuna vinanda vya kulia kwa niaba yako. Wasichana hawaimbi vizuri, na hawapaswi kuimba vizuri, sauti zinakatika. Yote ambayo Nashville ilikuwa imetufundisha kuhusu wimbo, kwamba wimbo ni mahali watu wanaposema kile ambacho wakikisema kwa maneno wataaibika, yamelipwa pale kitandani. Waandishi hawa wapya walijua kusikiliza, na walitupeleka mpaka mwisho wa kusikiliza.

Na Mama hakuitikia kiitikio. Nilimwangalia. Alikaa mpaka majina yakaanza kupanda. Akasema, kama mtu anayesoma risiti, "Wamemwimbia." Akanyamaza. "Sisi hata mlango tulifungiwa." Akainuka, akachukua shuka lake, akaenda kulala.

Usiku ule wa Novemba 2014 tulikuwa kwenye benchi, nje ya wodi, katika hospitali ambayo sitaitaja. Saa za kuona wagonjwa zilikuwa zimepita. Mlinzi alikuwa kijana mpole, hata hakutufokea, alisema tu, "Mama, ni sheria, mtarudi saa kumi na mbili asubuhi." Baba alikuwa ameingia na kichomi, si jambo la kufa mtu, tukaambiwa anaendelea vizuri. Saa kumi na mbili asubuhi kitanda kilikuwa kimetolewa shuka. Mama alikuwa amebeba uji kwenye thamosi. Huko kwetu yeye ndiye mwanzishaji nyimbo kanisani, amewaimbia wafu wa nusu ya kijiji. Mumewe hakumwimbia.

Hatukuwahi kuzungumza hilo, mimi na yeye, mpaka Rayna Jaymes alipokufa. Na hata hapo hatukuzungumza: alisema sentensi mbili akaenda kulala.

Niliwahi kumlaumu fanani. Nilijiambia: kifo kizuri, sababu mbovu. Na bado naamini hivyo kwa upande wa ufundi. Ukimlea mtu anayemwandama Rayna kwa sehemu kadhaa, ukanifanya nimwogope, halafu ukamuua Rayna kwa gari lililopita tu barabarani, umenitapeli. Bunduki uliyoitundika ukutani hukuifyatua, umeniangushia dari. Tena Rayna huyu huyu alishapata ajali mbaya ya gari mwishoni mwa msimu wa kwanza, Deacon akiwa amelewa, akapona. Ilijulikana baadaye kwamba Britton mwenyewe ndiye aliyetaka kuondoka, na mwandishi anayeachwa na nyota wake ana haki ya kutafuta njia ya kumtoa. Lakini njia ilikuwa ya mkato.

Ila kila nikiandika sentensi hiyo, "ajali tu, bila sababu", kalamu inasita. Kichomi. "Anaendelea vizuri." Kitanda kisicho na shuka. Sababu ya Baba ilikuwa nzuri zaidi kisanaa? Wahakiki tunadai kifo katika hadithi kiwe kimeandaliwa, na tuna haki, kwa sababu hadithi ni kitu kilichotengenezwa. Lakini sina hakika tena kama ninachodai ni ufundi, au ni kuambiwa mapema, nipewe nafasi ya kuimba.

Wapo mashabiki wengi waliofanya alivyofanya Mama. Walidai tamthilia irudi, ikarudi, wakaona imewanyang'anya yule waliyemdai. Tunalijua jambo hili katika fasihi. Conan Doyle alimuua Sherlock Holmes mwaka wa 1893, wasomaji wakamkalia kooni, na miaka kumi baadaye akamfufua kana kwamba alikuwa safarini. Wasomaji walifurahi. Sisi wa Nashville tulipata kinyume chake: tulimrudisha Rayna kwa kelele zetu, na kumrudisha kwetu ndiko kulikotufanya tuwepo anapokufa. Kama ABC ingeachwa na neno lake la mwisho, Rayna angekuwa hai milele. Hilo wazo limenikosesha usingizi zaidi ya mara moja.

Mimi nilibaki. Mwanzoni nilibaki kwa ukaidi, nione watathubutu kuendelea bila yeye. Na kwa sehemu kadhaa walithubutu vizuri sana. Mambo ya maana yalitokea katika nyumba ile: nani anapika, nani anapeleka mtoto shule, viatu vya marehemu viwekwe wapi moyoni. Na hapa ndipo nilipokuomba umkumbuke Daphne. Deacon ni baba wa Maddie kwa damu. Kwa Daphne, yeye ni mume wa marehemu mama, basi. Teddy anatokea, ambaye ndiye baba, na swali linakaa mezani: huyu mtoto ni wa nani sasa, aliyewafunga pamoja akiwa hayupo? Daphne anabaki kwa Deacon. Hakuna hotuba kubwa. Wanajifunza kuishi pamoja, wanakoseana, na jioni gitaa linashushwa. Kwetu ambako mjomba na baba mdogo huitana kikao kugawana yatima, nililitazama hilo kwa makini kuliko mapenzi yote ya misimu sita.

Baadaye, sitadanganya, ikaanza kuchoka. Msimu wa sita ulimpeleka Juliette kwenye kikundi cha watafuta nuru chenye kiongozi wa macho makali, na mimi nikawa natazama huku napiga pasi. Bila Rayna, Juliette hakuwa na wa kugombana naye, na tuseme ukweli: ngoma yote ilisimama juu ya wanawake wawili, mmoja anayeshuka na mmoja anayepanda, ambao kila mmoja anaona kwa mwenzake kitu anachokiogopa. Ukitoa mmoja, aliyebaki anapiga makofi kwa mkono mmoja. Waandishi walikuwa na sikio zuri la majonzi, lakini majonzi peke yake hayaendeshi tamthilia.

Sehemu ya mwisho ilirushwa tarehe 26 Julai 2018. Inamalizikia ukumbi wa Ryman, na pale mwisho pazia la hadithi linaachwa wazi: waigizaji na mafundi wa kipindi wanajaa jukwaani, Connie Britton naye yupo, wanaimba ule wimbo wa familia. Ni kujipongeza, najua. Nililia hata hivyo, peke yangu, maana Mama alikuwa amesharudi Nyahururu.

Desemba ile nilienda nyumbani. Tulikuwa jikoni, jiko la kuni, tunamenya viazi. Mama ananiita "mami" kwa sababu nimebeba jina la mama yake. Bila kuinua macho akaniuliza, "Mami, na yule mdogo, alichukuliwa na nani?"

Ilinichukua muda kuelewa anamuuliza nani. "Daphne? Alibaki kwa Deacon."

"Na si wake."

"Si wake."

Akamenya kiazi kizima. Nikamwambia ninazo sehemu zote kwenye kompyuta, nikitaka naweza kuwasha tuone kuanzia pale tulipoachia.

"Aka. Nisimulie, lakini usiniwashie."

Basi nikasimulia. Nilianza na Giddens kanisani, nikaenda mbele, nikamweleza nyumba ya Deacon, Teddy alivyokuja, wasichana walivyogombana na kupatana. Sikuwa na gitaa, na sauti yangu si kitu, lakini palipohitaji wimbo nilijaribu, na mahali pawili aliitikia. Sufuria lilikuwa linakaribia kujaa aliponikatiza.

"Umeruka pale hospitalini."

"Ndiyo."

"Sawa," akasema, akachukua kiazi kingine. "Endelea."